Bastola Mbili Kwenye Jiliwa

Harufu ya mafuta ya bastola hunishtua hadi leo. Juzi nilifungua sanduku la marehemu baba yangu, Dedi, ikanipiga puani, na mara nikawa tena na miaka kumi, nimeziba masikio kwenye ukumbi wa shabaha kule Downsview, ughaibuni, katikati ya maghala.

Dedi alikuwa fundi saa, mzaliwa wa Nakuru. Kila Jumamosi alishindana na rafiki yake, Anko Domi, kila mtu na bastola yake kuukuu ya silinda. Mwaka ule Dedi alianza kushindwa vibaya, akawa anailaumu bastola: mara silinda imelegea, mara chemba moja, tundu la risasi, imepinda. Anko Domi akachoka.

"Basi tuzipime, bwana. Tuondoe mikono ya watu."

Wakafunga jiliwa mezani, kile chuma cha kubania kazi, wakaibana bastola ya Anko na kufyatua chemba moja moja, zote sita. Kisha ya Dedi. Mimi nilipewa rula nipime matundu kwenye karatasi ya shabaha. Matundu ya Anko yangefunikwa na kizibo cha soda. Ya Dedi yalikuwa yameingiliana, hayakufika hata upana wa kidole gumba changu. Ile bastola aliyoitukana mwaka mzima ndiyo iliyokuwa bora!

Sasa, Dedi alikuwa na msemo kwa wateja waliolaumu saa ilhali wao ndio waliosahau kuzitia ufunguo. Nami, mtoto niliyekulia huko huko North York, siku zote nilimjibu kwa Kiingereza. Siku ile furaha ilinizidi, nikapayuka msemo wake kwa Kiswahili mbele ya watu: "Dedi, nyani haoni kundule!"

Anko alicheka mpaka akashika meza. Dedi hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, vidole vikitetemeka vyenyewe, kisha akautia mfukoni.

"Kweli, mwanangu. Bastola ni nzima."

Nilidhani nimemtukana baba yangu, na nililia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha kazi ya saa. Ndipo nilipoelewa kwamba skrubu za saa zilikuwa zikimponyoka mkononi kwa muda mrefu, na kwamba alikuwa akimwomba Mungu kosa liwe la bastola.

Karatasi ile ya shabaha nimeikuta sandukuni. Pembeni kuna vipimo vyangu vya rula. Chini yake, kwa mwandiko uliopindapinda, Dedi ameandika: "Leo mtoto amenijibu kwa Kiswahili."