Msonge Wangu Ulilala

"Nimeinyoosha, bibi," mjukuu wangu wa kike aliniambia, akanigeuzia kompyuta yake. Anasomea kuchora majengo chuoni, na amepewa kazi ya kujenga nyumba ya zamani humo ndani ya kompyuta, nyumba unayoizungusha ukaiona pande zote. Amechagua msonge wangu wa Kimuli. Picha yake ni moja tu. Aliiskani mjini, ikatoka imekwenda upande kwa sababu karatasi iliwekwa vibaya kwenye mashine.

Nikatazama. Nguzo ya mlango imesimama kama askari.

"Hiyo si nyumba yangu."

"Ni yenyewe, bibi. Lazima picha inyooke kwanza, la sivyo vipimo vyote vinaharibika."

"Ulishika kitu gani ukasema hiki ndicho kilicho wima?"

"Nguzo."

Nguzo ile ililala upande. Upepo wa masika uliusukuma msonge mwaka aliokufa babu yake, na shemeji zangu wakaja kusema nyumba inaanguka, nirudi kwetu, kibanja na migomba yake niwaachie. Sikurudi. Nilimwita mpiga picha makusudi, nikakaa mlangoni na wanangu, watu waone kwamba inakaliwa. Tuliishi humo mpaka mtoto wa mwisho akamaliza darasa la saba. Leo mjukuu wangu mwenyewe ananinyooshea, kana kwamba sikuwahi kusukumwa.

"Tazama kibuyu," nikamwambia. Kibuyu cha rubisi kinaning'inia kwa kamba mlangoni. Katika picha aliyoinyoosha kamba imekwenda kando, na siku ile hapakuwa na upepo, migomba imetulia. "Kitu kinachoning'inia hakidanganyi. Na mimi nimekaa nimepinda, utadhani kibuyu nimekimaliza peke yangu."

Akacheka, akaizungusha picha mpaka kamba ikasimama. Nguzo ikarudi kulala.

"Mwalimu atasema sijui kunyoosha."

"Wewe mke mwenza wangu, mwambie aje Kimuli aniulize mimi."

Akaanza kuijenga nyumba vile ilivyoinama, nikamzuia. Hivyo ingeanguka kweli, na shemeji zangu wangepata la kusema. Nyuma kulikuwa na miti mitatu ya kuishikiza, ambayo picha haikuiona. Niliichimbia mwenyewe, nina mimba ya miezi sita.

"Minene kiasi gani, bibi?"

"Kama paja la mwanamume. Anza na wa katikati, ndio niliotangulia kuuchimbia. Na usiache hata mmoja."