Mita Mia na Hamsini za Maji

Walimchukua mume wangu Jumanne asubuhi, barabarani, akienda kazini. Alikuwa mpiga picha wa maabara ya viumbe, na kazi yake ilikuwa ndege wa ziwani. Kuna mtu alikwenda kusema kwamba alionekana kilimani na kitu kinene jichoni, kwamba alikuwa anapiga picha za kambi ya askari. Mchana askari walifika nyumbani, wakapindua vitanda, wakaondoka na redio na boksi zima la negativu. Lenzi yake ya kupigia ndege wa mbali hawakuiona. Ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge, katika sufuria kubwa, chini ya maharage.

Wiki tatu nilizunguka mtaa wa Ibanda, biro hadi biro, kila ofisi ya askari. Mimi ni mwalimu, kuandika barua najua, basi niliandika na kuzipeleka kwa miguu yangu. Kila mahali jibu lilikuwa moja: "Maman, ule muntu hatuna. Rudia kwako." Mmoja wao aliongeza, bila kuinua macho, "Pengine amepata bibi mwingine." Nilitoka pale nikaenda biro iliyofuata.

Padri wa parokia yetu alikuwa tayari kwenda kwa komanda. "Lakini nikienda mikono mitupu atanicheka," aliniambia. "Niletee kitu chenye sura ya muntu, picha akiwa kwao. Hapo hataweza kusema hayuko."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mjane mmoja wa Nguba alinivuta kando. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha juu kinachotazama mkono mwembamba wa ziwa, na ng'ambo yake palikuwa na villa ambayo askari walikuwa wameifanya yao.

"Kila asubuhi wanashusha watu kuoga," alisema. "Macho yangu imechoka, sijui ni nani na nani. Lakini kuko mumoja murefu sana."

Mume wangu alikuwa mrefu sana.

Nilikwenda kwa rafiki yake, mwenye studio ya picha za vitambulisho, tuliyezoea kumwita tonton, yaani mjomba. Nilimwomba aje yeye apige picha kwa lenzi ile. Aliinamisha kichwa. "Wakinikuta na ile kitu, watoto yangu watabakia na nani?" Sikumlaumu. Alinipa kamera yake ya zamani na filamu moja, ya mwisho aliyokuwa nayo, akanifundisha mchana mzima nyuma ya pazia.

Lenzi ile ni fupi na nene kama kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kuna vioo viwili vinavyoukunja mwanga, ndiyo maana inaona mbali bila kuwa ndefu. Tundu lake halifunguki wala halifungiki zaidi. "Inataka jua," tonton alisema. "Hakuna jua, hakuna picha. Na haijitafutii yenyewe. Unazungusha kwa mukono mpaka sura ikuwe safi, unapita kidogo, unarudia. Ukikosa kiasi cha unywele, umekosa yote."

Mjane alinipa mfuko wa maharage wa kuegemezea, tukauweka mezani, mbali na dirisha ili kioo kisimulike. Siku ya kwanza ukungu ulifunika ziwa. Ya pili ikawa mawingu matupu. Ya tatu jua lilitoka, na watu walishushwa.

Nilitia jicho. Kile kiduara cha katikati kinachosaidia kulenga kilikuwa nusu nyeusi, kama tonton alivyonionya, ikabidi nitegemee sehemu ya kioo inayokizunguka. Nilizungusha. Maji. Matete. Maji tena, na kila kimeto cha jua juu yake kimegeuka pete ndogo nyeupe, pete mamia, na katikati ya pete hizo mgongo wa mtu mrefu.

"Geuka," nilisema. "Geuka, baba ya watoto."

Aliinama, akajimwagia maji. Nilizungusha tena, nimezuia pumzi. Mjane aliweka kiganja mgongoni pangu. "Pumua, mama. Pumua kwanza." Nikabonyeza. Nikazungusha, nikabonyeza. Askari mmoja aliinua kichwa akatazama upande wetu. Hakuweza kusikia chochote, mita mia na hamsini za maji, lakini nilihisi amesikia moyo wangu. Niliendelea mpaka filamu ikagoma.

Tonton aliisafisha siku ileile. Tuliinama juu ya kioo cha kukuzia, picha moja baada ya nyingine. Matete ya ufukweni yalikuwa safi, jani kwa jani. Watu nyuma yake walikuwa moshi. Yule mrefu alitokea mara tano, na mara zote tano uso wake ulikuwa kama unga uliokandwa. Picha moja tu ilikuwa na sura kamili: kijana nisiyemjua, ametazama mbele kana kwamba amekaa studio. Nilimchukia. Mungu anisamehe, nilimchukia kwa kusimama mahali ambapo mkono wangu ulipatia.

Kwenye benchi za zile biro nilikuwa nimezoeana na mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, naye akimtafuta mwanawe. Nilimpelekea picha. Aliweka kidole chini ya kidevu cha kijana.

"Ni wangu," alisema. Kisha akauliza, "Na wako?"

"Wangu hakutoka vizuri."

Padri aliipeleka picha kwa komanda. Siku nne baadaye yule kijana aliachiliwa, miguu imevimba. Siku hizo nne nilirudi kwenye dirisha na kamera isiyo na filamu, nitazame tu. Hakuna aliyeshushwa kuoga tena.

Mama wa sambaza alimleta mwanawe kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Maman, ule murefu alikuwa anatufundisha majina ya ndege," alisema. "Walimupandisha ndani ya kamio, lori ya askari, na wengine watatu. Nilisikia wanasema Luhwindja, kwenye machimbo."

"Lini? Mbele ya padri kufika na picha, ao nyuma?"

Alimtazama mama yake. "Nyuma. Kesho yake."

Sikulia mbele yao. Niliwapa chai, wakanywa. Walipoondoka nililala sakafuni jikoni mpaka watoto wakarudi kutoka shuleni.

Nilikwenda Luhwindja, sehemu kubwa ya safari kwa miguu. Niliuliza kwenye mashimo ya dhahabu, kwenye misheni, kwa akina mama wanaopikia wachimbaji. Hakuna aliyemwona. Padri aliniambia nisijihukumu, kwamba wangemhamisha hata hivyo. Pengine. Tonton alinichapia ile picha ya tano, iliyo bora kati ya zile mbovu, nikaionyesha watoto. Mdogo alisema ni baba. Mkubwa aliipeleka dirishani penye mwanga, kisha akasema hawezi kujua.