Fundi asiyetaka kusikia kuwa neoni 'imekufa'

Saa tatu asubuhi, cherehani zote zinanyamaza kwa pamoja. Katika chumba cha ushonaji cha Mama Clotilde, mtaa wa Majengo, wasichana wanainua vichwa na kutazama mlangoni. Joviale Baharanyi amesimama pale, mkono wake ungali juu ya swichi kuu.

"Wee fundi! Unatuzimia kura juu ya nini?" anafoka mmoja wao. "Hii ni nguo ya harusi!"

"Bibi arusi atangoja," anajibu Joviale bila kugeuka. "Mwaka jana mulikatala kuzima. Leo nazima miye."

Kura ndilo jina la umeme hapa Goma. Na mambo ya mwaka jana hakuna asiyeyajua chumbani humu. Msichana anaketi, anakunja nguo yake taratibu.

Joviale ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Wazazi wake walitoka upande wa Bukavu. Kazi yake ni kubadilisha taa za neoni ili zitumie umeme kidogo. Hufungua kasha la taa darini, hutoa balasti, kile kipande kizito cha chuma kinachochemka bure, hufunga nyaya upya, kisha huweka mrija wa LED. Mrija wa zamani ulikula wati thelathini na sita. Huu mpya unakula nusu yake. Katika mji ambao umeme hununuliwa kabla ya kutumiwa, wenye maduka na shule humtafuta.

Wengine humfukuza siku hiyo hiyo. Sababu ni moja: hapandi ngazi kabla ya kuzima nyumba nzima.

"Wananiambia, 'Mama, zima tu ile ya ukutani, usitusumbue.' Nawauliza, munataka taa ao munataka maiti?"

Hasemi hivyo kwa mzaha. Kwa miaka tisa alifanya kazi na Niyibizi, mtu wa Rutshuru, aliyekuwa akipiga mluzi kila alipokuwa juu ya ngazi. Aliyekuwa chini alijua kwa mluzi huo kwamba mambo ni mazuri.

Mwaka jana Mama Clotilde alimwita Niyibizi peke yake. Neoni ya juu ya meza ya kukatia nguo, alisema, imekufa. Niyibizi aliomba swichi kuu izimwe. Akaambiwa wasichana wana kazi ya watu. Akazima swichi ya ukutani, akapanda, akautoa mrija. Mluzi ukakatika katikati.

Msibani watu walisema ni bahati mbaya. Walisema kura imemuua.

"Kura haina mikono," anasema Joviale. Sauti yake inapanda, wala hajali nani anamsikia. "Ile taa kuna mutu aliifunga. Nilitaka kuifungua wiki ile ile. Mama Clotilde akaifunika na kitenge, akasema inaleta mikosi, mutu asiiguse."

Sasa Mama Clotilde anataka taa zake zote zibadilishwe, kwa kuwa umeme unammaliza. Joviale alikubali kwa sharti moja: aanze na ile iliyofunikwa.

Anapanda. Anavuta kitenge, vumbi linamwagika mezani. Anafungua kasha, anatazama ndani kwa muda mrefu. Anashuka, anawasha swichi kuu, lakini ya ukutani anaiacha imezimwa. Anapanda tena akiwa na tesita, bisibisi ndogo yenye taa ya kupimia umeme mpinini mwake. Anagusa ncha ya waya.

Tesita inawaka nyekundu.

"Mama Clotilde, kuja uone. Swichi imezima?"

"Imezima."

"Na hii?"

Aliyeifunga taa hii aliweka swichi kwenye waya unaorudisha umeme, badala ya ule unaouleta. Taa ilizimika vizuri tu. Umeme ulibaki ndani, ukingoja mkono.

Aliyeifunga ni Luc, binamu yake Mama Clotilde. Mama mwenyewe anampigia simu na kuweka sauti juu ili wote wasikie.

"Dada, ile kazi ilikuwa ya haraka," anasema Luc. "Taa ilikuwa inawaka, inazima. Nani alilalamika?"

"Niyibizi hakulalamika," anasema Joviale. "Ni kweli kabisa."

Joviale anaisogelea simu.

"Fasi gani ingine ulifunga hivi?"

"Sikumbuki zote."

"Sikukuuliza zote. Anza na moja."

"Zahanati moja kule Kibumba," anasema Luc mwishowe, kwa sauti ndogo. "Na nyumba ya wageni ya Kiwanja."

Mama Clotilde ameketi kwenye kiti cha mshonaji, kitenge chenye vumbi mapajani. "Nilimukataza kuzima," anasema. "Ni miye." Joviale hamfariji. Anazima tena swichi kuu, anazifunga nyaya inavyotakiwa, kisha anaandika kwa kalamu nene ndani ya kasha: ZIMA SWICHI KUBWA KWANZA.

Msichana wa nguo ya harusi anamsogelea. "Sasa, dada Joviale, siku neoni ikikufa…"

"Haikufi!" Joviale anamkata. "Sema imezima. Mutu akisikia imekufa anaishika kama kuni. Aliyekufa ni Niyibizi."

Jumamosi hii atakwenda Kibumba kuifungua kila taa ya zahanati ile, walipe wasilipe. Baadaye atakwenda Kiwanja, na kokote kwingine Luc atakakokumbuka. Amemwambia Luc lazima waende pamoja. Luc aliuliza ataenda kufanya nini, kama kazi ameshaikosea.

"Nitapanda miye," anasema Joviale, akikunja ngazi yake. "Yeye atashika ngazi. Na nikiwa kule juu sitapiga mluzi. Nataka asikie vile kunakuwa kimya."