Kuta za Bi Pindo

Walimwita Bi Pindo kwa sababu hakuna kitambaa kilichopita mikononi mwake bila kukunjwa ukingo na kupigwa cherehani mara mbili. Alishona mapazia tangu usichana wake, na kwake yeye kitu chenye uwazi kilikuwa kitu ambacho hakijamalizika.

Ndiyo maana, yeye na mumewe walipofika kambi ya mapumziko na gari la wifi yake, lile lenye vitanda na jiko ndani, hakuridhika na turubai la kivuli linalokunjuliwa kutoka kwenye bomba ubavuni mwa gari. Lilikuwa na paa na miguu miwili tu. Si baridi itamuua mzee wa watu! Mumewe alikuwa amepigwa na kiharusi, akajifungia chumbani miezi kadhaa, na safari hii aliikubali baada ya kubembelezwa na ukoo mzima. Bi Pindo alijua wazi kwamba hii ikiharibika, hakuna atakayemtoa tena mle chumbani. Basi akatoa sindano nene na uzi wa nailoni, akashonea kuta za kitambaa pande tatu za turubai, mshono juu ya mshono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Yeye hata huo ufa hakuusubiri.

Mlinzi wa kambi alipopita mchana, alisimama akakuna kichwa.

"Mama, hizi kuta zinatokaje?"

"Zitoke ziende wapi? Mgonjwa wangu atapigwa na upepo."

"Upepo wa hapa haupigi hodi, mama. Turubai likiwa wazi, unapita chini yake unakwenda zake. Ukiuzibia njia, unabeba kila kitu. Ukisikia tu miti ile inavuma, kunja haraka."

"Nimekusikia, baba."

Alimsikia kweli, na tangu hapo hakutulia. Lakini kufumua kazi yake mwenyewe hakuweza, moyo ulikataa. Akakaza kamba, akagongea vigingi, akarudi kukaza tena. Akamwekea mumewe, aliyeketi chini ya turubai, blanketi la pili.

"Uko sawa, mume wangu? Usinyanyuke. Nitakuletea mimi."

Mumewe aliitikia kwa kichwa. Kila jani lilipotikisika, Bi Pindo aligeuka kuitazama miti.

Upepo ulikuja kweli bila hodi. Kuta zikavimba kama shavu la mwenye jino bovu, kigingi kimoja kikang'oka, na turubai zima likaanza kupiga kelele juu ya kichwa cha mzee. Bi Pindo akarukia mpini wa kukunjia, akauzungusha ili turubai lijiviringishe kwenye bomba lake. Likajiviringisha kidogo, likagoma. Kuta zilikuwa zimenasa. Mshono wa Bi Pindo hauachii, ndivyo alivyozoea kujisifu kwa wateja, na sasa alitamani angekuwa fundi wa ovyo kuliko wote duniani.

Akanyakua mkasi, akaanza kukata. Hapo mguu wa turubai uliokuwa karibu na mzee ukang'oka ardhini, ukawa unapepesuka hewani.

"Wewe mzee!" akapiga ukelele. "Umekaa tu unatazama? Shika huo mguu! Mikono yote miwili! Utaniulia gari la dada yako!"

Mzee akasimama. Akaukumbatia mguu ule, akauegemea kwa uzito wake wote, akiyumba nao, huku mkewe akikata na kulia kwa hofu. Ukuta mmoja ukachomoka, ukaruka. Wa pili ukaufuata, kisha wa tatu.

"Zungusha sasa!" mzee akaamuru.

Akazungusha. Turubai likarudi bombani, pembe yake imechanika na mguu mmoja umepinda.

Ndani ya gari Bi Pindo alimfuta mumewe jasho.

"Nisamehe, mume wangu. Sikukusudia kukufokea. Mkono unauma?"

"Unauma." Alikuwa anacheka, mdomo umekwenda upande. "Miezi yote hii mnanisemesha kwa kunong'ona, kama mko matangani. Nikajua daktari amewaambia kitu. Nikawa nasubiri tu kufa."

Bi Pindo akakunja ukingo wa kitambaa cha jasho, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nifokee tena," mzee akasema.

"Toa viatu vyako vichafu kwenye kitanda cha watu!" akafoka, na kabla hajamaliza kilio kilikuwa kimemshinda.