Mwalimu Aliyepiga Magoti Kwenye Mibuni

Mwalimu wetu wa sayansi pale shule ya msingi Ihembe alikuwa mama wa Kihaya kutoka Muleba, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya. Mimi nilikuwa darasa la sita, mtoto wa vibarua waliotoka Burundi. Wenzangu walikicheka Kiswahili changu, kwa hiyo darasani nilinyamaza.

Asubuhi moja mibuni ilikuwa imechanua. Badala ya kuandika ubaoni, mwalimu alitutoa hadi shamba la jirani, akapiga magoti kwenye udongo na sketi yake safi, akafumba macho.

"Baba, tusaidie tuione kazi yako."

Kisha akatoa lenzi ndogo mfukoni, akaniita mimi.

"Unaona nini?"

"Unga, mwalimu. Wa njano. Nyuki ameubeba miguuni."

Alicheka kwa furaha, akapiga makofi. "Hiyo ndiyo chavua! Umeiona mwenyewe kabla sijakufundisha. Mshukuru Mungu, halafu uendelee kutazama."

Tangu siku ile nilifika shule kabla ya kengele. Nilimfuata na maswali: kwa nini ndizi zetu hazina mbegu, senene, wale panzi tunaowala, hutoka wapi na hupotelea wapi. Mengine aliyajibu. Mengine alisema, "Sijui, mwanangu. Tutafute," na uso wake ukachangamka kuliko alipokuwa na jibu.

Kabla sijamaliza darasa la saba alikwenda kwao kumuuguza mama yake, hakurudi tena. Nililia nyuma ya madarasa.

Sasa ninafundisha sayansi katika shule ya Nkwenda. Mwaka jana nilipanda basi kwenda Muleba kumtafuta. Nilimkuta barazani kwake, amezeeka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilimweleza habari za shamba na nyuki. Alinitazama sana, akatikisa kichwa.

"Nimefundisha watoto wengi, mwanangu. Nisamehe, sikukumbuki."

Akanishika mkono, akauliza ninafundisha nini wiki hiyo. Mmeng'enyo wa chakula, nikasema. Basi akaanza kuniuliza maswali, moja baada ya jingine, mpaka chai ikapoa. Nilipoaga aliniombea, akawaombea na wanafunzi wangu.

Alifariki wakati wa masika. Barabara zilikuwa mbovu, sikuwahi mazishi.

Kipindi kikienda vizuri, mtoto akiuliza swali ambalo sikulitarajia, natamani kumsimulia mwalimu wangu. Mimi hutoka nje nikasimama kidogo, watoto wakiningoja, kisha hurudi ndani tukaendelea.