D Nane

Babu yangu alikuwa mwalimu, na walimu wa aina yake hawastaafu. Sisi tuliishi Kasese, Uganda, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, kwa kuwa baba alikuwa fundi wa mitambo pale. Babu alibaki nyumbani, magharibi ya Kenya, akitufundisha kwa barua. Barua zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu. Za dada yangu hazikurudi hata moja, babu alizitunza. Nilimwonea wivu, sifichi.

Dada alipokuwa kidato cha nne, kwenye shule ya bweni huko Bwera, babu alikuwa ameshaanza kuugua. Masikio yake hayakushika tena sauti ya simu, kwa hiyo alisoma ujumbe tu. Kila Jumapili aliuliza lile lile: matokeo yametoka? Mama hakuwa na subira na vibonyezo, baba alikuwa kwenye zamu, basi simu ya nyumbani ikawa mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijiona katibu wa familia.

Matokeo yalipotoka nilikwenda Bwera pamoja na dada. Tulipofika, akakataa kuingia ofisini. Aliyetuletea habari ni mpishi wa shule, mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyekuja mbio na mwiko mkononi.

"Mutoto iko na D munane! Wote mukuye muone, D munane!"

Dada aliketi chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani.

Kwetu Uganda hapakuwa na sifa iliyozidi hiyo. D ndiyo ilikuwa alama ya juu, yenye namba moja au mbili, C ilikuwa chini yake, na jumla ya namba zako ilipopungua ndipo ulipopigiwa makofi. Ya dada ilikuwa kumi na moja, na mwalimu mkuu mwenyewe alitoka kumshika mkono. Nikaitoa simu pale pale nikamwandikia babu: "Dada amepata D nane! Jumla kumi na moja tu!"

Jibu lilikuja tukiwa tumesharudi Kasese. "Mwambie asilie. Aje kwangu, nitamfundisha mwenyewe, atarudia."

Nilipandwa na hasira. Arudie nini? Niliona ni yale yale ya wino mwekundu, kwamba hata D nane hazimtoshi mzee huyu. Nikaifuta ile meseji. Dada aliponiuliza babu amesema nini, nikamwambia hajajibu. Nilidhani namkinga. Na pengine, niseme ukweli, kuna mahali moyoni nilipofurahi kidogo kwamba safari hii na yeye amesahihishwa.

"Labda hana chaji," dada alisema. Siku iliyofuata aliuliza tena, na siku nyingine tena. Baba alijua nimeshaandika, akaona yametosha.

Babu alifariki kabla wiki mbili hazijaisha.

Tulisafiri wote kwenda kuzika. Baada ya mazishi, baba mdogo, aliyekuwa akimuuguza babu, alimvuta dada pembeni, nami nikafuata. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alijitahidi kuwa mpole zaidi.

"Usijilaumu, mamangu," akamwambia. "Mzee hakukukasirikia hata kidogo. Alikuwa ameshakutafutia vitabu vya kurudia fomu foo, viko pale kitandani. Hata mimi nilipata D plasi, na si ninaishi?"

Dada alicheka. Aliona ni utani wa kumfariji mfiwa. Kisha akauliza, "D plasi ni nini?"

Baba mdogo akatueleza. Kwao A ndiyo ya kwanza, na chini ya D inabaki E peke yake. Na jumla ndogo kwao ni aibu tupu. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe, D nane, kumi na moja tu, kama alivyoyasoma babu mgonjwa kitandani. Ile "tu" ndiyo iliyonichoma kuliko yote. Dada alikwenda kukaa karibu na vile vitabu na hakula siku ile.

Ile meseji nikaendelea kuificha. Miaka ilipita, akamaliza kidato cha sita, akapata nafasi katika chuo kikuu huko Kenya. Chuo kilitaka barua ya ofisi inayolinganisha vyeti vya nchi mbalimbali. Ilipofika tuliisoma pamoja mezani, Kasese. Kila D ya dada iliandikwa A mbele yake, somo kwa somo, na muhuri chini.

"Ningekuwa na hii wakati ule," alisema. Akaikunja, akaikunjua tena. "Mimi huwa najiuliza, kwa nini hakujibu. Kama alidhani nimeanguka, si angenigombeza tu? Kunyamaza ndiko kulikoniumiza."

Hapo nikamwambia alijibu. Nikamtajia meseji yote neno kwa neno, kwa maana niliifuta kwenye simu lakini haikunitoka kichwani. Sikujaribu kujitetea.

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

"Alisema nisilie?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ndivyo ilivyoanza. Akaisukuma ile barua mbali isilowe, akalia.