Jina la Mutu Aliye Muzima Ndani ya Sebene

Wimbo wa kwaya yetu ulirekodiwa muchana, ndani ya kanisa, hapa Baraka. Magitaa mawili, besi, kinanda na ngoma, na sisi bamama wazee tuliobaki, pamoja na vijana. Wote walipiga na kuimba kwa wakati mumoja, kama katika ibada. Mujukuu wangu wa kike, aliyejifunza kazi hiyo Uvira, alifungua ordinatere, kompyuta yake, juu ya benchi, akatandaza nyuzi za mikro sakafuni, akatukataza kukohoa.

Kazi yangu ilikuwa moja tu. Wimbo ukifika kwenye sebene, pale waimbaji wananyamaza na magitaa yanachemka peke yao, niite majina ya bamama walioanzisha kwaya na sasa wamekufa. Shule niliacha nikiwa mudogo sana, lakini jina la mutu halinitoki. Hapa sitayaandika, yako ndani ya wimbo. Namna yangu ya kuyashika ni hii: nafunga macho, naona musitari wa mbele jinsi walivyosimama zamani, kuanzia mulangoni mpaka kwenye ngoma, halafu napita mbele ya kila mumoja kama mutu anayegawa sabuni.

Basi nikapita. Naita jina, magitaa yanazunguka, naita lingine. Watu walilia, watu walicheza. Nilirudi nyumbani na moyo mweupe.

Kesho yake asubuhi mujukuu akaja, ordinatere iko kwapani.

"Koko, yule mama wa Swima alikufa lini?"

"Nani anasema alikufa? Jumamosi, siku ya posho, anakuja na pikipiki, anataka kusikia wimbo."

"Basi ni wewe njo umemuua. Jina la sita. Sikiliza."

Nikasikiliza. Ilikuwa sauti yangu, haina hata haya. Nilipopita kwenye ule musitari, rafiki yangu wa Swima alikuwa amesimama katikati ya wafu, nami nikamwita pamoja nao. Bahati yangu nilikuwa naimba musitari wa nyuma, la sivyo ningejiita mwenyewe.

Yule mama alikwisha kuliliwa mara moja. Wakati wa vita, watu wakikimbia ng'ambo ya ziwa, habari ilifika kwamba amezama ziwani. Matanga yalikaliwa, halafu yeye akarudi na miguu yake, akakuta watoto wake wamenyolewa nywele. Tangu siku ile alituapia: mutu akimulilia tena akiwa anapumua, hatasalimiana naye mpaka kaburini. Na mimi nimebaki na rafiki yule tu.

"Futa," nikasema.

Alifuta. Kwenye kioo cha ordinatere ile mistari ya sauti, kama mifupa ya samaki, ikakatika, jina likaenda, na magitaa yakaenda nalo. Pakabaki shimo, utafikiri wapigaji wote wametoka inje.

"Mikro yako ilisikia vyombo vyote, Koko. Na zile zingine zote zilikusikia wewe. Unaita kama muuza samaki!"

"Basi rudisha wapigaji."

"Mupiga gitaa mumoja alipanda gari ya Uvira leo."

Akajaribu namna nyingine. Kwa kuwa sebene inazunguka vilevile, alichukua muzunguko mumoja wa mwanzoni, kabla sijaanza kuita, akaubandika juu ya lile jina. Tukasikiliza.

"Ngoma imejikwaa," nikasema.

"Umesikia?"

"Mi nilicheza hii wimbo mbele mama yako hajazaliwa. Mwanzoni walienda polepole. Majina yalipoingia, wakapata moto."

Akapima, akakuta ni kweli. Mimi nikafunga macho, nikahesabu kwa miguu. Baada ya jina la mwisho nilinyamaza nipumue, na bamama wakapiga vigelegele muzunguko muzima, magitaa yakiwa bado na moto uleule.

"Chukua pale," nikamwambia. "Pamoja na vigelegele vyake."

Akakata, akabandika, akalainisha huku na huku. Jina la tano, vigelegele, halafu lile lililokuwa la saba. Hakuna shimo, hakuna kujikwaa. Alirudisha mara ine, na mara ya ine niliona kumbe nimesimama, kiuno kinacheza.

Siku ya posho rafiki yangu akafika, vumbi mpaka kwenye kope. Mujukuu alimupa simu, akaiweka sikioni. Sebene ilipoanza, nikaona vidole vyake vinahesabu juu ya goti: naye alikuwa anapita kwenye musitari. Kimoja, viwili. Kwenye cha sita vikasimama.

"Ni hapa njo nilikuwa nasimama," akasema.

Mujukuu alikumbuka kazi fulani jikoni, akatoka mbio.

"Umeniruka, yaya, dada yangu."

"Nimekuruka."

"Na bamama wamenipigia vigelegele."

"Si uko muzima?"

Akacheka mpaka simu ikaanguka kwenye kitenge chake. Akaiokota, akapangusa macho, akaniuliza wimbo unarudishwa namna gani kwenye mwanzo. Mi sijui. Tukamwita mujukuu atoke jikoni.